Saa Kumi na Moja na Arobaini

Amisi alikufa Ijumaa, akazikwa siku ileile kabla ya alasiri, nami nikaenda matangani kwake nikiwa na hasira. Nasema wazi, maana sijawahi kujifunza kusema kwa kuzunguka. Nilienda kwa sababu mtu uliyefanya naye kazi mwaka mzima ndani ya chumba cha chuma huwezi kumwacha aende hivihivi, hata kama alikunyima neno moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikaa juu ya mkeka upande wa wanawake, nikaletewa wali na samaki wa mawese, na nyuma yangu wanawake wawili wakanong'ona kwa sauti ya kutaka nisikie. Mmoja aliuliza mimi ni nani. Mwenzake akamjibu: "Njo ule wa foni. Njo ule alilala." Yaani ndiye yule aliyelala. Sikugeuka. Nimejenga nyumba mbili za matofali ya kuchoma, nimesimamisha antena inayopeleka intaneti hospitali na madepo na hadi kule Kama kwenye machimbo ya dhahabu, nimeajiri watu wenye diploma wakati mimi nilitoka shule darasa la pili. Lakini ndani ya ua ule wa mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, Kongo, mimi bado ni yule aliyelala.

Siku ya tatu mjane wake, Aziza, aliniita chumbani. Aziza na mimi hatukuwa watu wa kuzungumza. Salamu na basi. Kwanza alikuwa mke wa Feruzi, kaka mkubwa wa Amisi, na Feruzi alipopotea mwaka ule wa vita, Amisi akamchukua yeye na watoto, kama desturi. Alitoa chini ya godoro kitu kilichofungwa kwenye kitenge. "Alisema nikupatie wewe," akasema. "Mimi sijui kusoma. Alisema wewe mwenyewe utajua." Nilifungua nyumbani. Ilikuwa jurnali ya foni, lile daftari kubwa la jalada jeusi ambamo tuliandika kila sauti iliyoingia, saa gani, kutoka wapi, inasema nini. Nililipekua ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wa siku ile ulikuwepo, haukuchanwa, na mstari wangu ulikuwepo, kwa mwandiko wangu ule wa kuku: Obokote, wanasema barabara imefungwa, watu wenye silaha wako kwenye daraja, mtu asitoke. Nililia kwa hasira. Alikuwa nao. Miaka yote hii mtu huyu aliulalia, godoro juu yake, na mimi nje naitwa aliyelala. Nikaapa kwamba kwenye arobaini yake, watu wakishasoma hitma na kula, nitasimama mbele ya ukoo wote niusome mstari ule kwa sauti. Waone sasa ni nani alilala.

Mwaka ule, kwa wasioujua, treni ilikuwa haiji tena, na kutoka Kindu ulitoka kwa ndege kama una watu, au kwa miguu kama huna. Barua hazikuwepo, simu hazikuwepo. Kilichokuwepo ni foni, radio ya kuongea, na ilikuwa imewekwa ndani ya kontena moja ya bluu iliyobaki kwenye uwanja wa stesheni siku treni ya mwisho ilipoondoka. Walitoboa dirisha kwa moto, wakaweka meza ya mbao za sanduku, betri mbili za gari chini, waya wa antena ukatoka juu hadi kwenye nguzo ya taa isiyowaka. Dari waliibandika makatoni kupunguza joto, lakini saa nane za mchana ulikuwa unajihisi kama mkate ndani ya tanuri. Mimi nilikuja pale na sufuria. Niliwapikia wafanyakazi wa foni wali na sombe, kisamvu chetu, siku ya bahati samaki, chumvi ikipatikana chumvi, isipopatikana tulikula hivyohivyo tukidanganyana kwamba hatusikii upungufu wake. Wakati wanakula mimi nilikaa mlangoni kusikiliza. Sauti ya Bukavu ilikuwa ya mwanamke mwenye haraka, sauti ya Lubutu ilikohoa, na ile ya Obokote ilikuwa ya mzee mmoja mpole aliyeanza kila mara kwa kuuliza kama tumeamka vizuri, hata ikiwa jioni. Watu walisimama foleni nje kusema mtoto amezaliwa, mama amekufa, tuma dawa, usije. Hakuna siri iliyobaki Kindu mwaka ule, na sisi watatu ndani ya kontena tulizijua zote.

Mmoja alikuwa Amisi, kijana mwenye shule, mcheshi, aliyekula wali wangu na kuniita dada mkubwa wakati alinizidi umri. Aliona kwamba sauti yangu inapita vizuri kwenye hewa mbaya, akaanza kuniachia mikrofoni wakati upande wa pili wanaongea Kiswahili tu. Ndiye aliyenifundisha kuandika jurnali. Karatasi zilikuwa haba, akanikataza maneno mengi. "Saa, andika namba tu," alisema. "Usiweke asubuhi, usiweke jioni, tutamaliza daftari kwa adabu." Wa pili alikuwa shefu, mkuu wa foni, mtu aliyeletwa kutoka Kinshasa, shati lililopigwa pasi hata siku ambazo hatukuwa na makaa ya kupikia. Kiswahili alikijua cha kuagiza maji. Kazi yake kubwa ilikuwa ripoti. Mara mbili kwa siku, mchana saa sita na alfajiri, alichukua jurnali, akachagua ya maana, akaandika karatasi moja kwa Kifaransa kizuri, akaibandika kwenye mlango wa kontena. Watu wa baiskeli, wale waliosukuma chumvi na sabuni kwa miguu hadi Obokote na kurudi na mchele na mawese, hawakuvuka mto bila kuja kusomewa karatasi ile. Siku nyingi iliandikwa herufi tatu tu, RAS, kwa Kifaransa chao maana yake hakuna la kutaja. Watu wakishaona RAS walisema haya, twende.

Na ilikuwepo sheria moja, shefu aliisema siku ya kwanza aliponiona nimeshika mikrofoni, Amisi akanitafsiria: "Kenye umesikia humu ndani, kinywa chako hakikijui. Karatasi njo itasema." Maana yake, nilichosikia nisimwambie mtu, karatasi ndiyo itakayosema. Nilikubali. Nilijisikia mkubwa kukubali. Nilikuwa muuza wali niliyepewa siri za mji.

Sasa niseme ya juzi, maana bila ya juzi nisingeijua ya zamani. Wiki moja baada ya matanga, wateja wangu walianza kudai ripoti. Mashine zangu zinaandika jurnali zenyewe, usiku na mchana: laini hii imekatika, laini hii imerudi, hapa umeme umekwenda. Iko na tableau, ukurasa wenye michoro, ukiufungua unaona kila laini inapumua au haipumui. Lakini muuguzi mkuu wa kituo cha afya kule Kama hana muda wa kufungua michoro, anataka karatasi moja kila jioni. Nikamleta Furaha, injenia wangu, msichana wa Alunguli ng'ambo ya mto, mkali kwa kazi. Aliniambia tableau yenyewe haijui kutoa ripoti, inatakiwa kuongezewa kipande, wanakiita plugin, na yote ataiweka ndani ya kontena. Nikamuuliza kontena ya wapi, treni iko na miezi haijaonekana. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Mukubwa, hii haiko ya chuma. Ni sanduku ndani ya mashine. Programu inaingia na vyombo vyake vyote, haiombi jirani chumvi." Nikamwambia mimi nimefanya kazi ndani ya kontena, najua joto lake. Alidhani natania.

Nilikaa karibu naye siku mbili nzima, maana kitu kinachoingia nyumbani kwangu lazima nikijue sura. Kontena moja ilikuwa ya kuhifadhi jurnali. Ya pili ilikuwa ya tableau. Ya tatu ilikuwa ya ripoti: inafungua tableau kama mtu anavyofungua, inaipiga picha, inaifanya karatasi, inaituma. Siku ya kwanza tableau ilikataa kuamka. Inaanza, inaanguka, inaanza, inaanguka. Furaha akasoma makosa yake, akauma midomo: plugin ilikuwa ya toleo tofauti na tableau. Hiyo sikuhitaji shule kuielewa, spoki za rimu ya ishirini na sita haziingii kwenye rimu ya ishirini na nane. Akaandika upya ile orodha fupi ya kujengea kontena, anza na tableau ya toleo hili, ongeza plugin ya toleo hilihili, akajenga, tukangoja vitu vishuke kutoka angani kwa antena yangu mwenyewe, polepole, nami nikapika chai mara tatu. Siku ya pili iliamka. Tukaipanga itoe ripoti kila siku saa kumi na nusu jioni. Ripoti ya kwanza ilitoka nzuri, ina nembo yangu juu, ina rangi. Nilijiona.

Ripoti ya tatu ndiyo iliyonichemsha damu. Saa kumi na nusu ripoti ya Kama ikatoka, safi, chini imeandikwa: hakuna tukio. Kabla sijaiweka chini muuguzi alinipigia kwa simu ya mtu mwingine, akaniuliza kama namchezea. Laini yake ilikuwa imekatika tangu saa tisa na dakika arobaini, alikuwa na mama mjamzito aliyehitaji ushauri wa daktari wa Kindu, akakimbia hadi kwenye komtwari, duka la wanunuzi wa dhahabu, kuomba simu. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini karatasi yangu, yenye nembo yangu, ilikuwa inasema hakuna tukio. Nilimwita Furaha kwa sauti ambayo sijaitumia tangu vita.

Aliinama juu ya mashine nusu saa. Halafu akasema, "Haijapotea, Mama. Jurnali iko nayo. Ni ripoti njo haikuiona." Akanionyesha. Kifaa chetu cha Kama kimeandika saa ya Kindu, 15.40, namba tu, bila kusema ni saa ya wapi. Kontena ya ripoti ilikuwa inakwenda kwa saa nyingine, iko nyuma yetu saa mbili. Ilipofika saa kumi na nusu kwetu, kwa kontena ilikuwa saa nane na nusu. Ikaona 15.40, ikasema hiyo haijafika, ni mambo ya baadaye. Ikairuka. Ikaandika hakuna tukio na dhamiri safi. "Namba ni ileile," Furaha akasema, "wasomaji wawili hawana saa moja."

Niliingia chumbani kwangu, nikatoa jurnali ya Amisi, nikaifungua kwenye mstari wangu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesoma maneno, namba sikuiangalia, maana niliiandika mwenyewe, ya nini kuiangalia? Sasa niliiona. 11.40. Na pembeni, kwa penseli iliyofifia, mwandiko mzuri wa Amisi: 17h40.

Siku ile Amisi alikuwa na malaria, amelala kwao, na mimi kwa mara ya kwanza niliachiwa foni peke yangu alasiri yote. Shefu alishika asubuhi, akaandika zake kwa saa za Kifaransa, 8h10, 9h30, 11h15, akabandika karatasi ya mchana, akaenda kupumzika. Mimi nikaandika zangu kwa saa ninazozijua, saa ambazo mama yangu alinifundisha kwa kuangalia jua: saa kumi na dakika tano, saa kumi na dakika hamsini, na jua linakaribia kuzama, mzee wa Obokote akaingia bila kuuliza kama tumeamka vizuri. Hapo nikajua ni jambo. Alisema maneno yale mara mbili, haraka, akanyamaza. Nikaandika. Saa kumi na moja na arobaini. Nikafunga betri, nikafunga mlango, nikampelekea shefu daftari mikononi mwake, akalipokea bila kunitazama. Alfajiri alikaa kuandika karatasi ya mambo yaliyoingia baada ya saa sita mchana. Akatafuta namba zinazozidi kumi na mbili. Akaona 10.05, 10.50, 11.40. Za asubuhi hizo, zimeshapita. Akaandika RAS.

Na msiniambie nimhurumie. Mistari yangu ilikuwa chini ya 11h15 yake mwenyewe. Tangu lini saa nne inakuja baada ya saa tano na robo? Neno daraja, neno silaha, hata mtu wa Kinshasa anayajua. Lakini yeye alitafuta namba, hakusoma mistari. Alikaa mwaka mzima katika mji wa watu na hakuuliza hata siku moja watu hao wanahesabuje saa. Asubuhi ile Feruzi, mmoja wa watu wa baiskeli, alisomewa karatasi, akavuka mto na wenzake, baiskeli juu ya mtumbwi, na hatukuwaona tena, wala baiskeli.

Habari ya kupotea kwao ilipofika, uwanja wa stesheni ulijaa. Shefu alisimama mlangoni na shati lake, akasema hakuna ujumbe ulioandikwa jioni ile, mwanamke alilala. Nikamwambia afungue jurnali mbele ya watu. Akasema jurnali ni siri. Amisi alikuja kutoka kitandani, anatetemeka, kaka yake amepotea, akaomba aione peke yake ndani. Alikaa mule muda mrefu. Nilingoja nje kama mtu anayengoja hakimu, na sikuwa na wasiwasi, maana nilijua nilichoandika. Alipotoka hakunitazama. Alisema tu, "Twende nyumbani." Siku ileile nilifukuzwa, nikabeba sufuria yangu. Jurnali haikuonekana tena. Sasa najua ilikwenda wapi, na najua aliona nini: aliona namba tupu, bila neno jioni, kama alivyonifundisha. Angesema Mwamini, yaani mimi, aliandika, wangemuuliza kwa nini ameandika hivi, naye angelazimika kujibu mbele ya mama yake. Akachagua mimi niwe niliyelala. Alikuwa mwoga. Alilea watoto wa kaka yake vizuri, nasema hilo pia, na alikuwa mwoga.

Siku ya arobaini nilivaa vizuri. Watu walisoma, walikula, na kabla hawajaanza kuaga nilisimama. Nilikuwa nimefikiria kusoma maneno tu na kuiacha namba. Ingetosha, nani angeuliza? Nikaona hapana, nimekasirika miaka hii yote kwa sababu ya mtu aliyechagua cha kusoma. Nikasoma mstari wote, na saa yake, na penseli ya Amisi, nikaeleza nani alifanya nini. Wale wanawake wawili wakaangalia mkeka.

Aziza ndiye aliyesema. Hakuhitaji penseli, hakuhitaji kuelezwa. Alisikia saa kumi na moja na arobaini akajua ni jioni, kama mtu yeyote wa kwetu angejua. "Saa ile Feruzi alikuwa hapahapa," akasema taratibu, "iko anafunga chumvi. Mimi nilimushikia baiskeli. Ulipita pale njiani, Mwamini, unatoka kazi. Ulitusalimia."

"Niliwasalimia," nikasema.

"Ulitusalimia muzuri. Ukaenda."

Mimi ni mtu wa majibu, kila anayenijua atawaambia. Nilitafuta jibu. Ile sheria ya shefu niliiona imekaa kwenye ulimi, karatasi njo itasema, na nikaona aibu kuitoa mbele ya mwanamke yule. Nilikuwa nimeandika. Nilikuwa na haki. Na nilipita hatua tatu kutoka kwenye baiskeli yake na kinywa kimefungwa kwa kiburi cha kuaminiwa. Nilikaa chini. Aziza alinisogezea sahani ya wali, ya pili. Nikala.

Furaha amezirekebisha kontena zote, sasa zinakwenda kwa saa ya Kindu, na kila mstari unasema saa yake ni ya wapi. Nimemkataza pia ripoti isiandike tena hakuna tukio. Iandike: sijaona kitu. Alisema ni jambo moja, nikamwambia si jambo moja, akabadilisha. Na kila jioni, karatasi ikishatoka, naishika mkononi, nashika na simu, napiga Kama, napiga hospitali, napiga madepo. Muuguzi wa Kama bado anashangaa. Juzi aliniambia, "Mama, ripoti tumepata, kwa nini unajisumbua?"

"Najua mumepata," nikamwambia. "Niko napita tu. Napita kuwasalimia, na ninachojua nakisema."